Kabati la Kioo la Mama Mwenye Ngata

Padre Lukas,

Kioo kimefika leo asubuhi. Vijana wawili wamekileta kwa mkokoteni kutoka Gikomba, kimefungwa kwa magunia, wakakiegemeza ukutani hapa karakana na kwenda zao. Hakikuvunjika. Nimekipangusa vumbi, nikajiona ndani yake, nikaona nahitaji kunyolewa. Halafu nimekaa kwenye stuli uliyokuwa ukikalia wewe, nikachukua kalamu.

Sijui barua ya namna hii huanzaje. Wewe ungeanza kwa kuuliza habari za Ndinda. Ndinda ni mzima. Kila jioni ananiuliza, "Mutua, umekula?" nami namjibu nimekula, na kweli nimekula, ila ukiniuliza nimekula nini siwezi kukuambia.

Sijalia, Padre. Ni vizuri ulijue hilo mapema. Siku ya mazishi watu walilia mpaka wengine ikabidi washikwe mikono. Mimi nilisimama nyuma ya wanakwaya nikalitazama jeneza lako. Lilipigwa vanishi nzuri, lakini kona moja ya upande wa miguuni haikuungwa sawasawa, mbao zilikuwa zimeachana kidogo, nafasi ya kupita ukucha. Hilo ndilo nililoliona. Askofu alihubiri kwa muda mrefu, na muda wote nilikuwa nawaza ile kona. Ningekuwa na gundi na nyundo ndogo ningeirekebisha palepale. Walipokushusha niliwaza tu kwamba sasa hakuna atakayeiona. Kisha tukarudi kwa basi la parokia, mtu akanipa soda, nikainywa.

Kuna padre mpya. Anaitwa Padre Stefano. Ni kijana, ni mpole, anatembea haraka, na misa yake huisha kabla watoto hawajaanza kusumbua. Mikebe yako ya mbegu za rozari bado iko dirishani kwenye nyumba ya mapadre, mpishi amekataa iguswe. Wale wajawazito wa Jumamosi bado wanakuja kuombewa kwa Bikira Maria, na Padre Stefano anawabariki vizuri, lakini wanasimama pale baadaye kama watu waliosahau kitu. Wewe walikuwa wakikutajia majina ya watoto waliowapoteza. Yeye hajui kuwa anapaswa kungoja.

Na Mama wetu wa mti, Bikira Maria, hatembei tena.

Usiku ule ulipopelekwa hospitali Mama alikuwa amelala Donholm, nyumbani kwa Mzee Gitau, mwenyekiti wetu wa parokia. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mama Nekesa kule Mukuru. Asubuhi tukasikia umefariki. Hakuna aliyejua kama inafaa kumtoa Mama kwenda nyumba nyingine, kwa sababu siku zote wewe ndiye uliyetangulia mbele na kubisha mlango. Mzee Gitau akamfunika kitambaa cheupe, akamrudisha kanisani, akamweka sakristia kati ya mishumaa na mikeka. Alifanya kwa heshima, sisemi vinginevyo.

Baada ya misa ya kukukumbuka, kamati ilikutana. Mzee Gitau alisimama macho yakiwa mekundu. Alisema lazima tukufanyie kitu cha kudumu. Alitaka kabati la kioo kando ya altare, lenye taa ndani, Mama akae humo, na picha yako itundikwe juu yake. "Huyu padre alimpenda Mama maisha yake yote," alisema. "Hatuwezi kumwacha Mama azunguke kwenye matope kama yatima." Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Fundi Mutua ndiye aliyemchonga, basi yeye ndiye wa kulitengeneza." Wakanigeukia wote. Nikasema sawa. Siku ile ningesema sawa kwa lolote.

Kwa hiyo nimetengeneza kabati, Padre. Ni la mvule, na viungo vyake vimekaa vizuri, ungevipitishia kidole usivihisi. Mikono yangu haina shida. Limebaki kuwekwa kioo na kufuli. Mama mwenyewe yuko hapa mezani, nilimleta ili nichukue vipimo. Amesimama kando ya mkebe wa misumari, anatazama chini kidogo, kama nilivyomchonga.

Nakumbuka ulivyoingia humu mara ya kwanza. Ulikuwa bado padre wa huku Kaloleni, hawajakuhamishia Donholm na Mukuru, nami nilikuwa sijawahi kuzungumza na padre nje ya kitubio. Ulikuwa umebeba kiondo. Ukakiinamisha mezani vikamwagika vipande vya plasta: mkono, nusu ya uso, kipande cha joho la buluu, na nyoka mzima, yule anayekanyagwa na Mama. "Mama ameanguka," ulisema. Ulikuwa umeanza kumpeleka nyumba kwa nyumba, alale usiku mmoja kwa kila familia, na yule bwana aliyembeba akateleza kwenye mtaro. "Nyoka peke yake ndiye hakuumia," ulisema, ukacheka. Nilidhani unataka nimuunge kwa gundi. Ukasema hapana, unataka Mama wa mti, anayeweza kuanguka akaamka.

Siku hizo nilikuwa nachongea duka la watalii. Twiga, vifaru, na wale wanawake wembamba wenye mtungi kichwani. Hao wanawake nilikuwa nimewachonga miaka mingi mpaka mikono ikawajua bila mimi. Mama zetu Ukambani hubeba maji mgongoni, kamba ikikaa kwenye kipaji cha uso, lakini mwenye duka alitaka mtungi kichwani, basi tukaweka mtungi kichwani, na chini ya mtungi tukaweka ngata, ile pete ya kitambaa inayoukalisha mzigo. Nikakuchongea Mama kwa gogo la mjakaranda. Nilichonga shela, nikachonga uso, mikono nikaikunja kifuani. Nilipomaliza Ndinda alileta chai, akamtazama, akauliza, "Na hiyo ngata ni ya nini?"

Ilikuwa pale, juu ya shela, mviringo mzuri kabisa. Sikumbuki nikiichonga. Na kuitoa ingebidi nikipunguze kichwa chote.

Ulipokuja nilikuwa tayari na maneno ya kukuomba radhi. Ulimzunguka kwanza. Kisha ukaweka kidole juu ya ngata ukakizungusha taratibu. "Mutua," ulisema, "umemvika Mama wa Mungu ngata." Nikasema ni mikono tu, nitaanza upya. "Na wewe ni Mkamba, mimi ni Mkamba. Huyu umemchonga Mluhya kabisa, wa kubeba kichwani!" Ukacheka mpaka ukaitafuta stuli. Ulipotulia ukaniambia habari za mama yako, aliyechimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, na alama ya kamba iliyobaki kwenye kipaji chake mpaka siku mlipomzika. Ukasema umemwomba Bikira Maria tangu utotoni, umefundisha rozari, umeandamana naye kila Mei na kila Oktoba, na hujawahi hata mara moja kujiuliza ni nani aliyekuwa akiteka maji Nazareti. Ukamchukua vivyo hivyo, na ngata yake.

Wazee wa kanisa hawakupenda. Mmoja alisema anaonekana kama mtu wa kijijini. Ulimjibu, "Nazareti haikuwa mtaa wa magorofa, mzee wangu."

Ile desturi ya maji ilitokana na ngata hiyo, ulipohamishwa ukaenda na Mama Donholm na Mukuru. Kabla yake nyumba zilikuwa zikishindana. Donholm walitoa soda na keki, na Mukuru kuna wanawake waliofunga mlango zamu yao ilipokaribia, wakasema wamesafiri. Ulitangaza altareni kwamba atakayempokea Mama atatoa maji, maji peke yake, kwa kila atakayeingia. "Mama huyu amekuja na ngata, hakuja na sahani," ulisema. Mzee Gitau alijaribu kuweka biskuti pembeni mwa glasi. Uliichukua ile sahani ukamuuliza mbele ya watu wote, "Mwenyekiti, hizi nazo zimetoka kisimani?" Alicheka mpaka akatoa miwani. Mlipendana sana nyinyi wawili.

Ulipohamishwa nilikufuata. Kila Jumapili nilipita kanisa la karibu nikaja mpaka kwako, na Ndinda akawa anawaambia watu kwamba mumewe ameolewa na padre. Mapadre wenzako nao walikutania. Walijenga shule, walijenga kumbi, nawe uliitwa mchukuzi. Ulikubali. Ulisema ndiyo, wewe ni mchukuzi wa Mama, na mshahara wake ni mzuri.

Hukuwa ukihubiri sana kumhusu Bikira Maria. Wageni walilishangaa hilo. Ulimbeba tu. Kwenye vikao ulikaa na koleo ndogo ukiunga rozari zilizokatika, huku wengine wakibishana. Yule mhubiri wa kipaza sauti kule Mukuru alipopiga kelele kwamba tunaabudu mti, ulisimama, ukaniita nije mbele. "Ni kweli ni mti," ulimwambia. "Na huyu ndiye aliyeuchonga. Anapenda ugali kwa matumbo na anakoroma. Ndugu yangu, unadhani kuna mtu anaweza kuabudu kazi ya huyu?" Watu waliangua kicheko, hata yeye. Halafu ukamuuliza kwa upole kama ana picha ya mama yake nyumbani. Akasema anayo. Ukasema, "Basi tunaelewana." Mimi niliona haya wiki nzima, lakini yule mhubiri akawa anapunguza sauti tukipita.

Na wale vijana wa bodaboda waliokuwa wakikungoja pale kona. "Faza, leo Mathe analala wapi?" "Kwa mama yako, kama amefagia." Walikuwa wakizima pikipiki zao upite. Sijui kama uliwahi kuligundua hilo. Uliona mambo mengi, lakini mengine yalitokea mgongoni kwako.

Jana amekuja Mama Nekesa.

Alikuwa ametoka kazini, kile kiwanda anachochambua maharagwe kule Industrial Area, akatembea kwa miguu mpaka hapa Kaloleni. Alianza kusema kabla hajafika mlangoni. "Hodi, fundi! Mmemficha Mama mpaka lini? Watu wa Donholm wamekula zamu yangu?" Kisha akamwona mezani. "Kumbe yuko kwa daktari!" Akadhani ninamtengeneza. Akaja akaigusa ngata kwa vidole viwili kama afanyavyo siku zote. "Mluhya mwenzetu huyu," akasema.

Alinieleza jambo ambalo labda ninyi wawili tu mlilijua. Zamu yake ilikuwa ya mwaka ule wa mvua kubwa, nyumba yake ikaingia maji mpaka kitandani, Mama akapitishwa kwingine. Akakuambia, nawe ukamwahidi kwamba Mama atakuja, hata kama itabidi avue viatu. Sasa ameshapaka ukuta rangi. Ameshaazima vikombe kwa wapangaji wa ploti nzima.

Halafu akaliona kabati. "Hili ni la nini? La mikate?"

Nikasema, "Ni la Mama."

"La kumsafirishia?"

"La kukaa. Kanisani."

Alilizunguka. Aliona mahali nilipotoboa pa kufuli, akapaingiza kidole. Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza. Akasema tu, "Wamefanya vizuri. Lina kivuli." Akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka. "Sasa niambie, fundi. Nivirudishe vikombe vya watu?"

Nilimwambia nitamtumia ujumbe.

Leo kioo kimefika. Naacha hapa, kuna mteja.

*

Naendelea, siku nyingine. Kalamu ni nyingine pia, ile ya kwanza imekauka.

Sikukiweka kioo. Nilikinyanyua mara kadhaa nikakirudisha ukutani. Mwisho nilivaa shati safi nikaenda kumwona Padre Stefano. Nilimkuta ofisini anakula ndizi, akanipa na mimi moja. Nikamweleza habari za Mama Nekesa na vikombe. Nilieleza vibaya. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikasahau kutaja mvua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Fundi, mimi sina ubaya na Mama kutembea. Lakini nani atamtembeza? Mimi nina parokia nzima, siwezi kila jioni. Mtu huyo lazima abishe milango, aongoze rozari, aingie nyumba zenye ugomvi na nyumba zenye ulevi. Padre Lukas alifanya yote hayo peke yake. Hakumwachia mtu. Kamati wanaogopa Mama atapotea, na mimi siwalaumu."

Hakumwachia mtu. Hilo ni kweli, Padre. Nilipolisikia nilihisi kitu kifuani, nadhani ilikuwa hasira. Nilikukasirikia. Miaka yote ile nilitembea nyuma yako nikibeba mwavuli wako, hukuwahi kuniambia, Mutua, leo bisha wewe. Labda ulidhani una muda. Hasira yenyewe haikukaa, ilipita kama gari.

Nikasema, "Mimi nitamtembeza."

Sikuwa nimepanga kulisema. Unanijua. Hata somo la kwanza la misa nilikataa kusoma, na siku uliyotubarikia ndoa mimi na Ndinda wewe ndiye uliyenisukuma ubavuni niseme ndiyo kwa sauti. Padre Stefano aliweka ganda la ndizi mezani akanitazama. "Wewe, fundi? Mimi sijawahi kuisikia sauti yako."

"Hata mimi," nikasema.

Akacheka, kicheko cha kijana hasa. Halafu akawa mzito. Akasema, "Mpeleke kwa huyo mama. Mzee Gitau nitaongea naye. Lakini nikuambie ukweli, fundi. Ukiacha njiani, nitamweka kwenye kabati na hatutazungumza tena habari hii. Kabati si liko tayari?" Nikasema liko tayari.

Mzee Gitau alinipigia simu jioni hiyohiyo. "Mutua, umenivunjia heshima mbele ya kamati," alisema. Nikasema najua, mzee. "Nilitaka kumfanyia rafiki yangu kitu kizuri. Unadhani mimi sikumpenda?" Nikasema najua ulimpenda. Akaanza kulia kwenye simu, mtu mzima yule, na mimi nikashika simu sikioni nikasikiliza mpaka alipomaliza. Nilimwonea wivu kidogo. Akasema, "Biskuti zile alizirudisha mwenyewe kwenye kopo, unakumbuka?" Nikasema nakumbuka. Akakata. Tangu hapo hajaongea nami, ila kanisani ananiachia nafasi kwenye benchi lake kama kawaida.

Kabati bado liko hapa karakana. Kuna mama wa mandazi ameliulizia zaidi ya mara moja. Kamati ndiyo itakayoamua.

Nilimtumia Mama Nekesa ujumbe kwamba asirudishe vikombe. Siku iliyofuata nilimbeba Mama kwa mikono yote miwili, kama ulivyokuwa ukisema abebwe, si kwapani kama mkate. Ndinda alinifuata nyuma na mwavuli. Pale kona, kijana mmoja wa bodaboda alituona akapiga yowe, "Oyaa, Mathe amerudi!" Wakazima pikipiki. Mmoja aliuliza, "Na wewe ni nani sasa, fundi, Faza mpya?" Mwenzake akampiga kofi la kisogoni. Nikapita nikiangalia chini. Kulikuwa na matope.

Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni amevaa gauni la kanisani. "Mmechelewa kama serikali," akasema, akampokea Mama, akamweka juu ya meza ndogo iliyofunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi. Vikombe vilikuwa vya kila aina, vya udongo, vya bati, vya plastiki, kimoja cha mtoto chenye picha ya bata. Nyumba ilijaa mpaka wengine wakasimama nje. Nikaanza rozari. Tendo la kwanza nilifika mwisho. La pili sauti ilikatika katikati ya Salamu Maria, ikaisha tu, mdomo ukabaki wazi. Hakuna aliyenigeukia. Wanawake waliipokea sala palepale ilipoangukia, wakaendelea nayo, kama mtu anavyompokea mwenzake ndoo. Nilisimama nikasikiliza. Mwisho nikapewa kikombe kisicho na mkono, nikanywa. Watu walikuwa wanasema ni kama Padre yupo. Kwangu haikuwa hivyo. Kwangu ulikuwa haupo, na nilipaona mahali ambapo ungesimama, karibu na mlango, ili watoto wapite chini ya mkono wako.

Jioni ya pili tulikwenda safu ya nyuma, chumba cha mwisho kando ya mtaro. Kuna shosho anayeishi huko peke yake, macho yake hayaoni tena. Wewe uliwahi kunitajia kwamba kuna nyanya mmoja huko anayekutambua kwa viatu, nami sikuuliza zaidi. Mama Nekesa alikuwa amembeba Mama, maana aliyelaza mgeni ndiye humsindikiza, na mimi nilitangulia. Mlango ulikuwa wa mabati, umefungwa kwa ndani. Nikabisha.

"Ni nani?"

"Ni Mama, shosho. Amekuja kwako."

Kisha akauliza, "Na Padre yuko wapi? Mbona sijasikia viatu vyake?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kila mtu alidhani mwingine amemwambia. Niligeuka nikawatazama wale wanawake, na kila mmoja akaangalia chini. Mama Nekesa alimshika Mama karibu zaidi. Siku zote hizi watu wamekuwa wakisema ametutoka, ametangulia, amelala, nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Sikuwa nimelisema mwenyewe, kwa neno lolote, hata kwa Ndinda. Niliweka mkono juu ya mabati. Yalikuwa bado na joto la jua.

"Padre amekufa, shosho," nikasema. "Nimekuja mimi."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Nilisikia mkono wake ukipapasa mlangoni, ukitafuta komeo, ukalikosa, ukalipata. Mlango ukafunguka kidogo, halafu wote. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Aliunyoosha mkono mbele yake mpaka ukanigusa kifuani, akauacha hapo.

"Basi ingia wewe," akasema.

Nikaingia, Padre.

Sina mengine ya kukueleza. Jua linashuka na wanawake wameshaanza kukusanyika njiani, nasikia Ndinda akiniita. Sijui kuomba kama wewe, na sauti itakatika tena, lakini nakuahidi nitabisha kila mlango ulio kwenye zamu, hata ile milango niliyokuwa naiogopa nikiwa nyuma yako. Wakiniuliza uko wapi, nitawaambia. Na nikiona nguvu zinaniishia, nitamwita mwingine abishe nikiwa bado nimesimama kando yake.

Kwaheri, Padre wangu. Mkumbuke Mutua huko kwa Mama.

Fundi wako,
Mutua